Kutoa Bolti Iliyokatika Katika Injini Ndogo

Majani hayamngoji mtu. Mvua za masika zikishaanza kunyesha katika sehemu za Bungoma na Kitale, uwanja uliokatwa leo huhitaji kukatwa tena baada ya siku chache. Kwa hiyo shule, hospitali na makanisa yenye viwanja vikubwa hutumia mashine za kukatia majani zenye injini ndogo ya petroli, na kazi iliyowachosha watu kumi wenye mafyekeo humalizwa na mtu mmoja.

Lakini mashine kama hiyo yaweza kusimamishwa na bolti moja isiyozidi urefu wa kidole. Injini hufunguliwa ili itengenezwe. Spana huzungushwa kwa nguvu. Mara husikika mlio kama wa ukuni mkavu, na kichwa cha bolti hudondoka chini. Kigutu chake kimebaki ndani ya tundu. Hapo ndipo injini nyingi huharibika, wala si kwa sababu ya bolti kukatika, bali kwa sababu ya haraka ya anayetaka kuitoa. Bolti mpya hupatikana kwa shilingi chache, lakini mwili wa injini ukipasuka, huenda mashine nzima ikatupwa.

KWA NINI BOLTI HUKATIKA

Tangu mwaka 1953, kampuni ya Briggs & Stratton ya Marekani ilipoanza kuuza injini za mashine za majani zilizotengenezwa kwa alumini, injini nyingi ndogo zimefuata mtindo huo, kwa kuwa alumini ni nyepesi. Bolti zake, hata hivyo, ni za chuma cha pua. Metali hizi mbili hazina tabia moja. Zikipata joto, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Zikipata maji, alumini huliwa pole pole na kutoa unga mweupe, ambao hujaa katika hesi na kuishika bolti kama saruji. Bolti za bomba la moshi na za kifuniko cha silinda ndizo hukatika zaidi, maana huchomwa na joto kila siku, kisha hulowa mashine ikilazwa nje.

Sababu nyingine ni kuchanganya vipimo. Injini za Marekani zimezoea vipimo vya inchi, na za Japani vipimo vya milimita. Bolti ya milimita 8 na ile ya inchi tano kwa kumi na sita, ambayo ni milimita 7.94, hufanana machoni. Lakini hesi zake hazilingani. Moja huingia katika tundu la nyingine duru mbili au tatu, kisha hukwama. Mtu akiongeza nguvu, hesi za alumini huharibika au bolti hukatika.

NJIA ZA KUITOA

Kanuni ni hii: fundi huanza na njia ya upole kabisa, na kila njia anayoijaribu isiizibe njia inayofuata.

Kwanza, waya wa plagi uondolewe ili injini isiwake kwa bahati mbaya na kuukata mkono. Tangi la petroli limwagwe na kuwekwa mbali. Kisha kigutu kisafishwe kwa brashi ya waya, kitiwe mafuta ya kupenyeza, na kuachwa usiku kucha. Kukigonga kidogo kwa nyundo husaidia mafuta kuingia ndani.

Pili, ikiwa kigutu kimechomoza, kishikwe kwa koleo la kubana na kuzungushwa kuelekea kushoto. Kikisogea kidogo, kirudishwe kulia, kisha kushoto tena, kwa kuwa unga uliomo ndani hauna budi kusagwa kwanza. Anayevuta upande mmoja tu atakikata tena, na mara hii chini zaidi.

Tatu, kikikataa, alumini iliyokizunguka ipashwe moto. Tundu litatanuka kuliko bolti, na mshiko utalegea. Lakini jambo hili lahitaji uangalifu mkubwa. Chuma kikipata moto huwa chekundu na kumwonya fundi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 bila kubadilika rangi kama chuma. Kwa hiyo moto uwe wa kiasi, wala usitumike kabisa mahali penye mvuke wa petroli.

Nne, fundi mwenye mashine ya kuchomelea aweza kuweka nati juu ya kigutu na kuichomelea kwa ndani. Hapo bolti hupata kichwa kipya, na joto la kuchomelea hulegeza hesi.

Tano, ikiwa kigutu kimezama, ndipo keekee, yaani drili, hutumika. Uso wa kigutu usawazishwe, kisha alama ipigwe katikati kabisa. Tundu la kwanza liwe dogo, la milimita 3, na keekee isimame wima. Ncha ikienda kando, itaiacha bolti, ambayo ni ngumu, na kuila alumini, ambayo ni laini. Ncha zinazokata kuelekea kushoto ni bora, maana mara nyingi huitoa bolti zenyewe.

Kuna na vyombo vya kutolea bolti, vyenye hesi za kushoto, ambavyo hupigiliwa katika tundu hilo. Navyo ni vigumu mno lakini huvunjika upesi. Kikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haitakitoboa, na shida itakuwa kubwa kuliko ya kwanza. Visitumiwe kwa nguvu nyingi.

Mwisho, kigutu chote chaweza kutobolewa na tundu kutiwa hesi mpya ya waya iliyosokotwa. Hesi hiyo ni ya chuma, na mara nyingi huwa imara kuliko ile ya alumini. Ikiwa hakuna mtu mwenye chombo hicho, ni heri injini ipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma kuliko kubahatisha.

ILI ISITOKEE TENA

Takataka za chuma zifutwe zote, zisije zikaingia katika silinda na kuikwaruza. Bolti mpya ipakwe grisi isiyoshindwa na joto, na izungushwe kwa vidole duru kadhaa kabla ya kushika spana. Ikikataa vidole, si yake. Bolti za kifuniko cha silinda zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, moja na ile iliyo mkabala wake. Na mashine ikishamaliza kazi, ilazwe ndani, pasiponyesha.