Mbwa muzee anaumwa viungo: tumusaidie namna gani?

Katika koperative zetu tunaongea sana juu ya mbuzi, nguruwe na kuku, lakini mbwa anayelinda hizo zote usiku tunamusahau. Akiwa kijana anafukuza nyani kwenye mahindi na anabweka mwizi akikaribia zizi. Akifika miaka 7 ao 8, anaanza kuchelewa kuamuka, na tunasema: "Amekuwa muvivu." Mara mingi si uvivu. Ni maumivu.

Ndani ya kiungo, ncha za mifupa zimefunikwa na tabaka laini inayozuia mifupa isisuguane. Miaka ikipita, tabaka hiyo inaisha, kiungo kinavimba na kinakuwa kigumu. Ugonjwa huu hauponi kabisa, lakini maumivu tunaweza kuyapunguza.

Dalili zake

Asubuhi anaamuka kwa taabu, kisha akitembea kidogo anapata nafuu. Anakataa kuruka mufereji. Anarambaramba kiungo kimoja kila mara. Mapaja ya nyuma yanakonda. Anaweza kunguruma mutoto akimugusa kwenye kiuno.

Lakini tuangalie vizuri. Maumivu ya viungo yanakuja polepole, kwa miezi. Mbwa akibadilika kwa siku chache tu, akingata watu na vitu ovyo, akitoa mate mingi, miguu ikilegea, huo si uzee: inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Musimuguse, mujulishe veterinere. Mutu aliyengatwa aoshe kidonda palepale kwa maji na sabuni, dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile kutafuta chanjo. Asingoje dalili, juu zikishatokea hakuna dawa ya kumuponyesha.

Kazi ya kufanya nyumbani

1. Malalo. Simenti ya baridi na udongo wenye maji vinaongeza maumivu. Mujaze gunia na majani makavu, muliweke mahali mvua haifiki. Majani yabadilishwe mara kwa mara, viroboto visizaliane.

2. Kutembea. Kumufunga kamba muchana mzima kunakaza viungo. Atembee dakika 10 ao 15, mara mbili ao tatu kwa siku, pahali pasipo mawe.

3. Joto. Mutie maji ya moto kwenye chupa, muifunge na kitambaa, muiweke kwenye kiungo dakika 10. Kwanza muipime kwenye mukono wenu: ikiwachoma, itamuchoma naye.

4. Chakula. Bugali peke yake haitoshi. Mumuongezee samaki wadogo ao mabaki ya nyama, mishipa ya miguu isiishe nguvu. Lakini asinenepe sana: kila kilo ya ziada inabebwa na viungo vilevile vinavyouma. Mukimupapasa, musikie mbavu chini ya ngozi.

5. Kucha. Zikiwa ndefu anakanyaga vibaya. Muzikate ncha tu.

Dawa

Hapa njo kuna hatari kubwa. Musimupe vinini vya watu. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Parasetamoli ikipita kipimo inaharibu maini na damu. Kinini kinachosaidia muzee wa nyumba kinaweza kuua mulinzi wake.

Dawa za mbwa ziko, kama vile meloksikamu na karprofeni, ila veterinere apime uzito kwanza, juu kipimo kinafuata kilo. Mumupe pamoja na chakula. Akitapika ao mavi yakiwa meusi, musimamishe dawa na mumurudishe kwa veterinere.

Hakuna haja ya kufanya safari mbili. Siku ya chanjo ya kichaa, mumuonyeshe veterinere miguu ya mbwa wenu muzee.

Tena, musingoje ashindwe kabisa ndipo mutafute mwingine. Muweke mbwa kijana pembeni yake mapema. Muzee atasikia, atanusa, atabweka, kijana atakimbia. Ulinzi wa zizi hautakatika, na yule aliyewatumikia miaka mingi atapumuzika bila kuteswa.