Mchezo wa Nyoka: Hamu ya Mambo ya Utotoni ni Ugonjwa?



Katika mwezi huu wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, ukurasa wa afya unajibu swali la mama mmoja wa huku kwetu Bariadi. Alinisimamisha nje ya kanisa baada ya Misa, akangoja watu wapungue, ndipo akaanza kueleza.

Mume wake ni mkulima wa pamba, mwenye umri wa miaka 37, baba wa watoto wanne. Kaka yake mkubwa alifariki mwaka jana kwa ajali ya pikipiki. Walipogawana vitu vya marehemu, yeye hakuchukua ng'ombe wala baiskeli. Alichukua simu ya zamani ya vitufe, Nokia 3310, iliyokuwa imekufa ndani ya sanduku la nguo. Miezi minne iliyopita fundi simu wa mjini aliipatia betri, ikawaka. Tangu siku hiyo, baba huyo anakaa gizani hadi saa nane za usiku akicheza mchezo wa nyoka. Shambani anasinzia akiwa na jembe mkononi. Amemwambia mkewe kwamba akifumba macho anamwona nyoka yule anatembea, na mara mbili amemsikia marehemu akicheka nyuma yake.

Majirani wamekwisha kutoa hukumu yao: marehemu anamwita kupitia simu. Shangazi mmoja ametaja mganga wa kienyeji wa kijiji cha pili, ambaye bei yake ni ng'ombe mmoja. Basi mama aliniuliza mambo mawili. Je, mume wangu amerukwa na akili? Na je, niichome ile simu?

Nilimjibu kwamba asiichome. Mengine nayaandika hapa kwa ruhusa yao wote wawili.

MCHEZO WENYEWE

Wasomaji wetu wadogo, waliozaliwa wakakuta simu za kupapasa, huenda hawaufahamu mchezo huu. Ulitengenezwa na Taneli Armanto, mhandisi wa kampuni ya Nokia huko Ufini, ukatoka mwaka 1997 ndani ya simu aina ya 6110. Mwaka 2000 ilitoka 3310 ikiwa na nyoka wa pili, na simu hizo ziliuzwa kwa mamilioni duniani kote. Mwaka huohuo kampuni ya Vodacom ilianza kazi Tanzania, na Celtel ikafuata mwaka 2001. Hata hivyo, mawimbi yalichelewa kufika vijijini kwetu. Wengi tunakumbuka kupanda juu ya kichuguu ili simu ishike.

Hebu uutazame mchezo huo kwa macho ya mtoto wa Kisukuma. Mtoto huyo amefundishwa kupiga majani kwa fimbo kabla ya kuingia kupalilia, kwa kuogopa swila na kifutu. Nyoka wa amani aliyepata kumwona ni chatu tu, tena siku ya ngoma, akiwa amezungushwa shingoni mwa Bayeye. Mara anapewa simu mkononi, na ndani yake mna nyoka wa vipande vyeusi ambaye anatakiwa kumlisha! Nchi anayoishi nyoka huyo haina mti, mlima wala nyumba. Ni rangi ya kijani iliyofifia tu, kama maji ya lambo. Akitoka upande wa kulia anatokea upande wa kushoto, kana kwamba dunia imekunjwa. Kila anapokula anarefuka, na kila anaporefuka anakosa nafasi, mpaka adui yake anabaki kuwa mwili wake mwenyewe. Hakuna anayeshinda. Mwisho ni mmoja tu: nyoka anajiuma na kufa. Sisi hatukumwuliza mtu yeyote maana yake. Tuliona ni sawa tu, kama vile tulivyoona ni sawa katika hadithi za bibi zimwi Shing'weng'we kuwameza watu wote wa dunia.

Mimi niliucheza kwenye simu ya mjomba, msimu wa pamba, yeye akiwa kwenye mizani. Tulikuwa watoto saba, simu moja. Mmoja anabonyeza 2, 4, 6 na 8; sita wanapiga kelele: chini, chini, kulia! Ukifa unampa mwenzako, hakuna kubembeleza. Simu ilichajiwa dukani kwa betri ya gari, nasi tulilijua jambo moja kwa hakika: ikibaki alama moja ya chaji, mjomba ananyosha mkono, mchezo umekwisha. Leo nikisikia mlio wa vile vitufe, nasikia harufu ya magunia ya pamba. Sijui kwa nini ni magunia, na si chai ya mjomba, ambayo ilikuwa tamu zaidi.

UGONJWA WA MWAKA 1688

Hali hii, ya moyo kuvutwa nyuma kwa utamu unaochanganyika na uchungu, iliwahi kuandikwa katika vitabu vya tiba kama ugonjwa kamili. Mwaka 1688, katika mji wa Basel nchini Uswisi, kijana aliyesomea udaktari, Johannes Hofer, aliandika juu ya watu waliokuwa mbali na kwao, ambao walilia, hawakula, hawakulala, wakadhoofika. Alitunga jina la ugonjwa huo kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lina maana ya kurudi nyumbani na la pili maumivu. Waliosemwa sana kuugua walikuwa askari wa Kiswisi waliopigana vita vya wafalme wa nchi nyingine. Hofer aliamini ungeweza hata kuua, na kwamba dawa ya hakika ni kumrudisha mtu kwao.

Mawazo ya wataalamu yamebadilika. Mwaka 2006 Tim Wildschut na Constantine Sedikides wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti juu ya yale ambayo watu hukumbuka kwa namna hiyo. Waliona kwamba katika kumbukumbu hizo mtu hayuko peke yake. Wamo ndugu na rafiki. Waliona pia kwamba hamu hiyo huja hasa mtu anapokuwa na huzuni au upweke. Mwaka 2008 baadhi yao, wakishirikiana na watafiti wa China, walionyesha kwamba mtu mpweke akikumbuka hivyo hujiona ana watu wa kumtegemea. Miongoni mwa waliochunguzwa walikuwamo watoto wa wahamiaji. Kwa hiyo, ndugu msomaji, moyo ukikurudisha utotoni, mara nyingi unatafuta kujitibu upweke.

NYOKA WA GIZANI, NA KICHEKO CHA MAREHEMU

Sasa nije kwenye yale yaliyowatisha majirani.

Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walitoa katika jarida la Science utafiti wa watu 27 waliochezeshwa mchezo wa Tetris, ule wa matofali yanayoanguka, ambao Alexey Pajitnov aliutunga huko Moscow mwaka 1984. Wengi wao walipoanza kupitiwa na usingizi waliona matofali yakianguka. Watano kati ya 27 walikuwa wagonjwa ambao ubongo wao uliumia kiasi kwamba hawakumbuki jambo jipya. Kesho yake hawakukumbuka kama waliwahi kucheza. Hata hivyo, watatu kati ya hao watano nao waliyaona matofali! Maana yake ni kwamba ubongo, unapoelekea kulala, huyapitia mambo uliyoyafanya sana mchana, hata yale ambayo mtu hayakumbuki. Anayepalilia kutwa nzima huona magugu akifumba macho. Aliyecheza nyoka hadi saa nane za usiku, aone nini kama si nyoka?

Kuhusu kicheko: mwaka 1971 Daktari Dewi Rees alichapisha mazungumzo yake na wajane na wagane 293 wa sehemu ya Wales. Karibu nusu yao walimhisi mwenzi aliyefariki akiwa karibu, au walimwona, au walisikia sauti yake. Wengi walikuwa hawajamweleza mtu. Rees aliona kwamba ni jambo la kawaida katika msiba, na lenye msaada kwa wengi wao. Si kila sauti ni kichaa, wala si kila sauti ni mzimu. Nasema hili kwa mkazo, kwa sababu ng'ombe wangapi wa Simiyu wamekwisha kwenda kwa sababu ya sauti kama hizo!

ALAMA ZA JUU

Nilikwenda kumwona baba mwenyewe. Alikuwa na akili zake timamu, amechoka macho tu. Tulizungumza habari za mvua na bei ya pamba, kisha nikamwomba anionyeshe simu. Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo mkewe hakulijua.

Simu ile huhifadhi alama za juu kabisa zilizopata kufikiwa, hata ikizimwa, hata ikikaa miaka sandukuni. Alama zilizomo aliziweka kaka yake. Ni yeye aliyeinunua simu kwa fedha ya pamba, na ni yeye aliyemshika mdogo wake kidole akamwonyesha namna ya kugeuza nyoka. Lakini mtu akizipita alama hizo, namba mpya inaandikwa na ya zamani inafutika. Basi kila usiku baba huyu hucheza mpaka anakaribia namba ya kaka yake, ndipo kwa makusudi anamgeuza nyoka ajiume. Halafu anaanza upya.

Katika sanduku langu la dawa hamna kidonge cha jambo hilo. Hata ningekuwa nacho sijui kama ningempa.

LINI TUITE UGONJWA

Shirika la Afya Duniani liliupitisha mwaka 2019 mwongozo mpya wa magonjwa, ulioanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kucheza michezo ya kompyuta na simu. Daktari hautaji kwa sababu tu mtu anapenda mchezo. Hutazama kama ameshindwa kujizuia, kama mchezo umetangulia kazi, chakula na watu wake, na kama anaendelea ingawa anaona madhara; tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Mwongozo huohuo unataja pia majonzi yaliyopita kiasi: zaidi ya miezi sita, makali kupita desturi ya jamii ya mfiwa, na yanayomzuia kuendesha maisha yake. Baba huyu analima, anakula, anacheka na watoto, anakwenda jumuiya. Kilichoharibika ni usingizi, na huo si mdogo, kwani mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na mwenye jembe au pikipiki akisinzia anaweza kufa.

Tulipatana mambo machache. Simu ikabidhiwe kwa mama saa tatu usiku. Achezee mchana, nje, watoto wakiwapo, na awasimulie habari za baba yao mkubwa. Kama mwezi ukipita bila usingizi kurudi, au akianza kusema hana haja ya kuishi, waende mara moja hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Bariadi waombe mhudumu wa afya ya akili. Ipo pia idara ya magonjwa ya akili Bugando, Mwanza. Akisema neno hilo la kutotaka kuishi, asiachwe peke yake njiani.

Kwa wazazi wanaoniuliza kila siku juu ya watoto na simu: Shirika hilohilo lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Tena chunguzeni ni mchezo gani. Nyoka wetu alikuwa na mwisho: alikufa, chaji iliisha, mjomba alirudi. Michezo mingi ya siku hizi imetengenezwa isiishe, na mingine ni kamari iliyovaa rangi nzuri. Sheria inamkataza kamari aliye chini ya miaka 18, lakini nimewaona watoto wenye sare za shule mbele ya mashine hizo za sarafu madukani, na wenye maduka wanatazama pembeni.

Nilitoa pia wazo moja la kwangu. Tupige picha kile kioo chenye alama za kaka, isafishwe mjini, itundikwe ukutani karibu na msalaba. Alikataa. Wiki mbili baadaye alinipigia simu kwamba picha imekwisha kuning'inia, na kwamba analala.

Nilipita kwao Jumapili iliyofuata, saa kumi jioni. Watoto walikuwa chini ya mwembe, simu mkononi mwa mtoto wa marehemu, mwenye miaka 11. Nyoka alikuwa mrefu ajabu. Wenzake walipiga kelele: chini, chini, kulia! Baba alisimama nyuma yao akiitazama namba inavyopanda, hakusema neno. Zilibaki alama chache sana, nyoka akajiuma. Kijana akaguna, akampa simu binamu yake.