Umeacha Ugali, Mbona Uzito Umegoma?

Mtu akiacha ugali, wali, chapati na soda leo, wiki ijayo mizani itamfurahisha. Kilo mbili, tatu, wengine hata nne, zinashuka kabla hajaizoea hata njaa yenyewe. Anawapigia simu ndugu, anatuma picha, anaapa kwamba siku zote adui yake alikuwa wanga. Halafu ukiingia mwezi wa nne au wa tano, akila vilevile, mizani inasimama. Hapo ndipo wengi wanapofika kwenye chumba changu hapa Tanga, wengine machozi yakiwalenga, na swali ni lilelile: "Dada, ugali siutazami hata kwa macho, mbona uzito umegoma?"

Mimi ni afisa lishe, na swali hilo silichukulii kijuujuu. Anayeliuliza ameacha chakula alicholelewa nacho. Amekataa pilau kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, amevumilia maneno ya mawifi wanaosema anajinyima kwa sababu ya majivuno. Anastahili maelezo, si kuambiwa aongeze bidii.

Tuanze na zile kilo za mwanzo, kwa sababu ndizo zinazomjengea mtu matarajio yasiyotimia. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, akiba inayoitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima hufika karibu nusu kilo, na kila gramu yake imeshikana na takribani gramu tatu za maji. Ukiacha wanga, mwili unaitumia akiba hiyo ndani ya siku chache, na maji yake yanatoka. Isitoshe, homoni ya insulini ikishuka, figo huachia chumvi nyingi zaidi, na chumvi haitoki bila maji. Ndiyo sababu wiki ile ya kwanza mtu anakwenda haja ndogo kila mara, anasikia kizunguzungu akisimama ghafla, na mkanda unalegea. Mafuta ya mwilini yaliyoondoka bado ni machache. Na ndiyo sababu sahani moja ya biriani siku ya Idi inaweza kukurudishia zaidi ya kilo moja ukipima kesho yake. Yaliyorudi ni maji. Hakuna mtu anayetengeneza kilo ya mafuta kwa mlo mmoja.

Kwa hiyo mizani kusimama wiki moja au mbili si kukwama. Mwanamke anayekaribia hedhi hujaa maji. Aliyekula ng'onda jana usiku hujaa maji. Mimi huhesabu kwamba uzito umegoma pale tu inapopita wiki nne hadi sita, mizani haijasogea, na futi ya fundi cherehani ikizungushwa kiunoni inaonyesha namba ileile. Kiuno kikipungua huku mizani imetulia, kazi inaendelea.

Sasa nije kwenye kukwama kwenyewe. Namkumbuka mama mmoja muuza vitenge, aliyeanza na kilo 96, akafika 87, kisha akabaki hapo kwa zaidi ya miezi miwili. Daftari lake la chakula lilikuwa safi kabisa: mayai asubuhi, mchicha na samaki mchana, kipande cha parachichi, kuku usiku, na "korosho kidogo" dukani. Wanga haukuwemo. Nikamwomba apike mbele yangu, kwenye jiko tunalotumia kufundishia wagonjwa wa kisukari. Akabandika sufuria, akainamisha dumu la mafuta ya alizeti kama anavyoinamisha kila siku, bila kuangalia. Nikamwomba asubiri kidogo kabla vitunguu havijaingia. Tukayamimina yale mafuta kwenye bakuli na kuyapima kwa kijiko cha chakula. Vilikuwa vijiko sita, kwa mafungu mawili ya mchicha. Baada ya mafuta likafuata tui zito, kikombe kizima.

Nikamuuliza sufuria hiyo nyumbani huliwa na wangapi. "Hii yangu peke yangu, dada. Wenzangu wanakula wali wao."

Hapo ndipo palipokuwa na jibu. Zamani alikula kutoka sufuria ya watu saba, mafuta yakigawanyika kwa wote. Alipoanza kujipikia chakula chake mbali, mkono ulibaki na mazoea ya sufuria kubwa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote ya kupikia, yawe ya alizeti, ya nazi au ya zeituni, kina takribani kalori 120. Vijiko sita ni 720. Kikombe cha tui zito kina zaidi ya kalori 500. Unga wa sembe gramu 100, unaotosha ugali wa mtu mmoja asiye na kazi ya shamba, una takribani kalori 360. Yaani vijiko vitatu vya mafuta vilikuwa vimemrudishia ule ugali wote aliojinyima, na vingine vitatu vikamwongezea wa pili. Zile korosho "kidogo" zilikuwa pakiti ya robo kilo iliyokaa chini ya meza ya vitenge, akichukua mojamoja huku akizungumza na wateja. Pakiti ile nzima ina zaidi ya kalori 1,300, na ilikuwa haimalizi siku tatu.

Hakunidanganya. Kila alichokiandika alikila kweli. Alichokosa ni kipimo, na katika hilo hayuko peke yake duniani. Mwaka 1992 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi wao juu ya watu waliosema kwamba miili yao haipungui hata wakila kidogo. Walipopima nishati kwa njia za maabara, walikuta watu hao wanakula karibu mara mbili ya walichokiripoti, na matumizi ya nishati ya miili yao yalikuwa ya kawaida. Nausimulia uchunguzi huu kwa wagonjwa wangu ili waone kwamba jicho la binadamu ni kipimo kibaya cha mafuta. Langu pia ni baya, ndiyo maana nina kijiko.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaofundisha kwamba mafuta hayanenepeshi alimradi umeacha wanga. Gramu ya wanga au ya protini ina kalori nne, gramu ya mafuta ina tisa. Mlo wa wanga kidogo unafanya kazi, nimeuona ukifanya kazi, na kwa wagonjwa wengi wa kisukari unashusha sukari vizuri. Lakini uzito unashuka kwa sababu mtu anashiba haraka kwa mayai na samaki, na kwa sababu maandazi, soda, biskuti na chipsi zimeondoka kwa mkupuo. Anajikuta anakula kidogo bila kuhesabu. Akishazoea, hamu inajifunza njia mpya: karanga za kukaanga, ngozi ya kuku, jibini, kahawa yenye siagi, mkate wa unga wa lozi. Vyote vinaruhusiwa, na vyote vimejaa nishati. Wengine huhamia kwenye asali kwa imani kwamba si sukari. Kwa mwili, ni sukari.

Hata anayepima kila kijiko, hata hivyo, atafika mahali mizani isimame, na hili watu hawaambiwi. Mwili wa kilo 87 unahitaji nishati kidogo kuliko wa kilo 96. Moyo unasukuma damu kwa mwili mdogo zaidi, miguu inabeba mzigo mwepesi, ini na misuli navyo vimepungua matumizi. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake, wa New York vilevile, walionyesha kwamba mtu akipungua asilimia 10 ya uzito wake, matumizi ya nishati hushuka hata kuliko inavyotarajiwa kwa mwili wa ukubwa huo mpya. Mwili unabana matumizi.

Njaa nayo inapanda. Kevin Hall, wakati huo mtafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alipata njia ya kuipima pamoja na wenzake. Walichukua takwimu za wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakinywa dawa inayotoa sukari kwa njia ya mkojo. Wagonjwa wale walipungua uzito bila kujinyima kwa makusudi, kwa hiyo chochote walichoongeza kwenye sahani kilitokana na mwili wenyewe kudai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kwa kila kilo moja iliyopungua, hamu ya kula iliongezeka kwa takribani kalori 100 kwa siku, wakati matumizi ya nishati yanashuka kwa kalori 20 hadi 30 tu. Mfanyie hesabu yule mama yetu aliyepoteza kilo tisa: mwili wake ulikuwa ukidai karibu kalori 900 zaidi kila siku kuliko alipoanza. Mikono ilikwenda kwenye korosho kwa kusukumwa. Mtu akimwita mlafi, anamwonea.

Utafiti wa mlo wa wanga kidogo wa aina ya Atkins uliochapishwa Marekani mwaka 2003, wenye washiriki 63, unaonyesha jambo hilo kwa kundi zima. Kufikia miezi sita, walioacha wanga walikuwa wamepungua asilimia 7 ya uzito, na waliopunguza mafuta asilimia 3.2. Ulipotimia mwaka mmoja, waliopunguza wanga walikuwa wamebaki na upungufu wa asilimia 4.4, na tofauti kati ya makundi ikawa haina uzito wa kitakwimu. Christopher Gardner wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuja kuchunguza watu 609 kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka 2018: wa wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6, wa mafuta kidogo kilo 5.3. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua zaidi ya kilo 20, na wapo walionenepa.

Uzito ukigoma, wengi hukimbilia mazoezi. Mazoezi ni mema kwa moyo, kwa sukari na kwa usingizi, na kunyanyua vitu vizito hulinda misuli isipungue pamoja na mafuta. Lakini yasitegemewe kufuta chakula. Ushahidi ninaoupenda umetoka hapahapa kwetu. Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, wakapima nishati wanayotumia kwa siku. Matokeo yalitoka mwaka 2012. Wahadzabe wanatembea, wanachimba mizizi, wanawinda, wanapanda mibuyu kufuata asali, na bado, ukizingatia ukubwa wa mwili, walikutwa wanatumia nishati kiasi kilekile na watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili unaofanya kazi nyingi huonekana kubana mahali pengine. Na chakula chao, mizizi, ubuyu, matunda ya porini na asali, kina wanga tele. Ni wembamba.

Yapo mambo mengine ambayo hayahusu sahani hata kidogo. Tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo. Usingizi wa saa nne. Na dawa: prednisoloni, amitriptilini, insulini, glibenklamaidi ya kisukari, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha watu wengi wanaoishi na VVU hapa nchini, imehusishwa na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake. Simwambii mtu aache dawa. Namwambia ajue, asijilaumu kwa kilo ambazo hazikutoka jikoni kwake.

Yule mama hatukumwongezea masharti. Tulimpunguzia mafuta hadi vijiko viwili kwa siku, kimoja kwa kila mlo mkubwa. Tui zito likawa la Ijumaa. Korosho akawa anahesabu 15 asubuhi anaziweka kwenye kikopo, pakiti inabaki nyumbani. Nikamrudishia kunde na choroko, alizoziacha kwa kuogopa wanga wake, kwa sababu zina protini na nyuzinyuzi zinazoshikilia shibe hadi jioni. Na kipande cha ugali wa dona, ukubwa wa ngumi, siku anapokula na familia, kwani kula peke yake kila siku kulimchosha kuliko njaa. Uzito ulisogea tena, polepole, hadi 83, ukasimama mara ya pili. Alikuwa akiota 70. Presha yake imetulia, magoti hayamsumbui akipanda ngazi, na mimi nimemshauri kwamba kwa sasa kazi yake ni kuilinda 83. Kilo 13 kwa mtu aliyeanza na 96 ni zaidi ya asilimia 10, kiasi ambacho madaktari wanajua kinashusha sukari na presha. Nikimsukuma zaidi, ninahofia ataachia kila kitu.

Jambo la mwisho ni la haraka, na linawahusu wenye kisukari. Ukiwa unajidunga insulini au unameza glibenklamaidi, ukaacha ugali na wali ghafla bila kumwambia daktari, dozi yako itakuwa kubwa kuliko chakula chako, na sukari inaweza kushuka hadi ukapoteza fahamu usingizini. Kabla hujabadili mlo, weka dawa zako zote kwenye mfuko, nenda nazo kliniki, umweleze daktari unachotaka kufanya. Arekebishe dozi kwanza.