Sura ya Nne: Kila Maradhi na Njia Yake

Nilikusudia sura hii ianzie kwa maji na sabuni, kisha ipande hatua kwa hatua hadi barakoa, ambayo tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe Kinshasa tarehe 10 Machi 2020 imekuwa kwa watu wengi wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, ama hirizi ama mzaha. Katika soko la Sake nilimwona mchuuzi wa viazi aliyeivalia kidevuni. Polisi alipotokea aliipandisha, na alipotaka kukohoa aliishusha, ili, alivyonieleza kwa upole, asikichafue kitambaa chake.

Asili ya upuuzi huo ni itikadi kwamba maradhi yote huingia kwa mlango mmoja. Kipindupindu, ambacho pamoja na kuhara damu kiliwafyeka wakimbizi kwa makumi ya maelfu huko Goma mwaka 1994, husafiri kwa maji yaliyochanganyika na kinyesi, na barakoa kumi hazikizuii. Ebola, iliyofika Pinga, Walikale, Agosti 2019, hupatikana kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti, na kwa hiyo ndoo yenye bomba na maji ya klorini mlangoni ilikuwa na kazi zaidi kuliko kitambaa cha uso. Surua, ambayo huelea hewani, iliua nchini watu zaidi ya 6,000 katika mlipuko ulioanza mwaka huohuo, ilhali Ebola ile iliua 2,287. Lakini ni nani aliyeiogopa surua?

Hapa mpango wangu wapotoka, kwani siwezi kuipita karuho kimyakimya. Mtu akikohoa miezi miwili, akakonda, akatema damu, jirani hunong'ona kwamba ametiwa karuho, ile sumu isadikiwayo kuwekwa katika pombe au chakula. Ukoo huuza mbuzi, hutafuta mganga wa kumtapisha, na humtafuta mwenye husuda wa kumlaumu. Maskini huyo aghalabu ana kifua kikuu, ambacho kijidudu chake Robert Koch alikibainisha mwaka 1882, na ambacho hutambuliwa kwa kupima makohozi, kisha hutibiwa kwa vidonge vinavyonywewa miezi sita bila kukatiza. Wakati sumu isiyokuwapo inatapishwa, mgonjwa amefungiwa chumbani pasipo dirisha pamoja na wajukuu, kila kikohozi kikiacha hewani vitone visivyoonekana, vinavyoweza kuelea kwa saa kadhaa. Hapo ndipo barakoa inapostahiki taadhima, juu ya pua na mdomo wa mgonjwa mwenyewe. Na dirisha lililo wazi, ambalo halina bei, hushirikiana nayo kwa kuvitoa nje vitone hivyo.

Basi kabla ya kuuliza kama tuvae au tusivae, tuulize maradhi haya yapita wapi. Sabuni, niliyoiahidi mwanzo, itangoja sura ifuatayo.