Matanga ya Penalti

Klabu ikifungwa, Nakuru hucheka. Timu ya taifa ikifungwa, Nakuru hunyamaza. Mgeni asiyeijua tofauti hii anaweza kuwakosea watu bila kukusudia, kwa sababu kicheko na kimya hicho huonekana mahali pamoja, mbele ya runinga moja, kwa watu wale wale.

Kicheko ndicho cha kila wiki. Arsenal ikipoteza Jumamosi, shabiki wake hawezi kupita steji ya bodaboda Jumapili asubuhi bila kuitwa kando. Ataulizwa kama amepata usingizi. Atapewa pole za uongo. Ataambiwa anunulie vijana chai na mandazi, kwani mazishi hayaendi bila chakula. Akikasirika, yeye ndiye aliyevunja adabu. Anatakiwa acheke nao, anunue chai kama ana uwezo, na aweke deni moyoni mpaka siku Manchester United itakapofungwa. Gor Mahia na AFC Leopards wana utani wao wa zamani zaidi, na si bure mechi yao ikaitwa ya mashemeji: watu waliooana wanajua mpaka wa kutaniana. Kule kwenye mitaa yetu ya Kaptembwa na Rhonda utakuta nyumba moja ina shati la kijani la Gor na shati la Leopards kwenye kamba moja ya nguo.

Sasa kimya. Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025, Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikutana na Madagascar uwanjani Kasarani, Nairobi, katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, ambayo Kenya, Uganda na Tanzania ziliyaandaa pamoja. Tulikuwa hatujawahi kushiriki. Kundi letu lilikuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia, na wengi tulijiandaa kwa aibu ya mapema. Kisha vijana wa kocha Benni McCarthy wakawafunga Wakongo 1-0. Wakatoka sare ya 1-1 na Angola wakiwa wachezaji 10. Wakawafunga Morocco 1-0, tena wakiwa 10 kipindi kizima cha pili, kwa bao la Ryan Ogam. Ogam huyo huyo akawamaliza Zambia. Tukaongoza kundi.

Mwaka ule haukuwa mwepesi. Juni na Julai nchi ilikuwa imepita katika maandamano na vifo vya vijana, na mitaani watu walikuwa wakitazamana kwa tahadhari. Agosti ikaja na jambo la kushangilia pamoja. Ndiyo maana nasema mechi ile ya Madagascar haikuwa mechi tu, na wanaotuambia tumekuza mambo hawakuwa mitaani jioni hizo.

Kibanda cha video tunakoenda sisi kiko Kivumbini, mtaa wa zamani usio mbali na uwanja wa Afraha. Ni mabati, mabenchi ya mbao, runinga mbili, na dirisha dogo ambalo mama wa chai hupitishia vikombe. Siku ya Stars mwenye kibanda hupunguza kiingilio, na mabenchi ya mbele huachiwa watoto na wazee. Wengi wana runinga nyumbani. Wanakuja hata hivyo, kwa kuwa goli la taifa halishangiliwi peke yako sebuleni.

Mapema kipindi cha pili Alphonce Omija akafunga. Chai ilimwagika, na hakuna aliyedai kikombe chake. Madagascar wakasawazisha kwa mkwaju wa penalti. Dakika za nyongeza hazikuleta kitu. Tukaingia penalti.

Hapo kuna desturi ambazo hakuna aliyeziandika. Sauti ya runinga hupunguzwa mpaka mtangazaji asisikike vizuri. Wazee wawili watatu huipa runinga mgongo na kutazama nyuso za wengine. Wanapata matokeo kutoka machoni pa vijana, na wanasema hiyo ndiyo njia ya kuokoa moyo. Anayetabiri kwa sauti hunyamazishwa mara moja, hata kama ametabiri ushindi. Mtoto akiuliza swali, hujibiwa kwa kuwekewa mkono begani. Jioni ile Madagascar walishinda 4-3.

Hakuna aliyetukana. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke kuhusu watu wetu. Jina la anayekosa penalti ya taifa halitajwi usiku huo, na kibandani kwetu halikutajwa hata siku iliyofuata. Kijana mmoja alianza, “Huyu naye...” na mzee aliyekuwa karibu naye akamkatiza: “Kijana, umewahi kupiga?” Basi, ikaishia hapo. Wiki moja kabla, kijana yule yule alikuwa amemchambua mshambuliaji wa klabu ya Uingereza kwa nusu saa, akimtaja jina, mshahara na ukoo, na mzee yule yule alicheka mpaka akakohoa.

Baada ya filimbi watu hutoka polepole, tena kwa pamoja. Waliovaa jezi hawazivui njiani. Kuna baridi ya Agosti mjini petu, tuko juu kiasi cha mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na ningeweza kusema kila mtu alifunika jezi yake kwa koti kwa ajili ya baridi. Lakini niliona watu wakibeba makoti mkononi. Asubuhi ya Jumamosi jezi zile zilionekana tena Wakulima sokoni, juu ya magunia ya viazi vya kutoka Molo na kabichi za kutoka Bahati. Mteja anamwambia muuzaji, “Poleni kwa jana.” Muuzaji anajibu, “Asante, ndio hivyo,” na kumwongezea kiazi kimoja. Luo kwa Kikuyu, Kalenjin kwa Luhya, maneno ni hayo hayo machache, na yanasemwa kwa uso ule ule ambao mtu huja nao kwenye msiba.

Kufikia usiku wa Ijumaa ile ile Tanzania nao walikuwa wamefungwa 1-0 na Morocco kule Dar es Salaam, na Jumamosi Uganda wakafungwa 1-0 na Senegal mjini Kampala. Waandalizi wote watatu wakawa wafiwa ndani ya siku mbili. Wachache walianza kuwacheka Watanzania, wakaachwa wacheke peke yao.

Watu wetu hawakuzaliwa na heshima hii. Nakuru ni mji wa reli. Treni ilifika hapa mwaka 1900, na nyuma yake wakaja vibarua, makarani, askari, wafanyabiashara wa Kihindi, na baadaye watu wa mashamba na viwanda, kila mmoja na lugha yake. Bondeni, Kivumbini na Flamingo ni mitaa ya watu wa kuja. Mpira ulikuwa miongoni mwa mambo machache ambayo hayakuhitaji mtu aulizwe kwao ni wapi. Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, ligi ya taifa ilipoanza, bingwa wake wa kwanza alitoka hapa: Nakuru AllStars. Wazee wa Afraha hawachoki kulisema hilo, na wana haki.

Lakini Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mji huu huu ulichinjana. Kule Rhonda na Kaptembwa, majirani waliokuwa wakitazama mpira pamoja Krismasi walikimbiana kabla ya mwezi kwisha. Wapo ambao hawakurudi kwenye nyumba zao. Kwa miezi mingi baadaye mtu alichagua kibanda kwa kuangalia nani ameketi ndani. Niliwahi kumsikia mama mmoja akisema aliamini kuwa vita vimekwisha siku alipoona vijana wa pande mbili wakigombana kuhusu refa. Kwa hiyo ninapoona watu hao, au watoto wao, wakipeana pole kwa sababu ya penalti, sioni jambo dogo. Kuomboleza pamoja ni kazi ya kujifunza, na mpira umetupa mahali pa kuifanyia mazoezi pasipo jeneza.

Siku ya tatu, kama ilivyo kwenye matanga, wazee huruhusiwa kuzungumza. Kibandani petu ilikuwa Jumapili mchana, kabla ya mechi za Uingereza kuanza. Mzee aliyekuwa fundi wa reli ndiye hufungua, na huanza na 1987. Mwaka huo Kenya iliandaa Michezo ya Afrika, Kasarani ikiwa mpya, na Stars wakafika fainali wakafungwa 1-0 na Misri. Anasimulia alivyosikiliza redioni na jirani zake, betri zikiisha nguvu, mmoja akaziweka juani na nyingine zikatafutwa duka la mbali. Vijana wameisikia hadithi hiyo. Wanaisikiliza tena. Kisha mwingine anakumbusha kuwa mwaka ule ule Gor Mahia walichukua Kombe la Washindi la Afrika mbele ya Espérance ya Tunis, miezi michache tu baada ya kilio. Hapo sauti huanza kupanda, mama wa chai anaitwa, na mtu wa kwanza anacheka. Matanga yamevunjwa.

Wiki iliyofuata ikatuletea faraja nyingine. Tarehe 30 Agosti Morocco waliwafunga Madagascar 3-2 katika fainali, hapo hapo Kasarani, na neno likazunguka mji mzima: bingwa tulimfunga sisi. Makanga waliliimba milangoni mwa matatu za Njoro. Mimi pia nimelisema, na nitalisema tena. Naomba tu lisitulaze. Kumfunga bingwa katika kundi na kutolewa kwa penalti maana yake ni kwamba timu ilikuwa na nidhamu, ilikosa uzoefu wa mtoano, na uzoefu huo hauji kwa hotuba.

Mbele yetu kuna 2027. Kombe la Mataifa ya Afrika limepangwa kuja kwa majirani hawa hawa watatu, Kenya, Uganda na Tanzania, na kama waandalizi tumeshapata nafasi. Wazee hulipokea jambo hilo kwa uangalifu. Wanakumbuka kuwa Kombe la 1996 lilikuwa letu tukanyang'anywa, na CHAN ya 2018 ilikuwa yetu ikahamishiwa Morocco kwa kuwa hatukuwa tayari. Shabiki wa Kenya ameonja kushindwa na watu ambao hawakuvaa hata viatu vya mpira. Safari hii Kasarani imefanyiwa kazi na uwanja mpya wa Talanta unajengwa Nairobi, na CHAN ilionyesha kwamba tukitaka tunaweza, ingawa fujo za mageti zilitufanya tupunguziwe idadi ya watazamaji.

Nakuru inajiandaa kwa njia inayoijua, yaani chama. Vibandani, kwenye steji za bodaboda, kwenye vikundi vya wanawake wa soko, watu wameanza kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya tiketi na nauli ya kilomita 160 kwenda Nairobi, kupitia Gilgil na Naivasha. Kwenye chama chetu kuna daftari, mweka hazina ambaye ni fundi cherehani, na sheria kwamba anayechelewa mara mbili analipa faini ya chai. Fundi huyo anakataa kupokea pesa ya mtu ambaye watoto wake wamefukuzwa shule kwa karo. Amewarudisha wanaume wazima nyumbani mbele ya watu. “Baba Wanjiru, lipa shule kwanza. Kombe litakungoja.” Wanamheshimu kwa hilo.

Mabishano yaliyopo sasa ni kuhusu Afraha. Uwanja wetu ulifungwa ukarabatiwe, na Ulinzi Stars, wanajeshi walioshinda ligi mara nne, 2003, 2004, 2005 na 2010, wakaenda kuchezea kwingine mpaka wakahamia uwanja wao Lang'ata. AllStars walipanda ligi kuu mwaka 2015 wakashuka msimu huo huo. Mji uliotoa bingwa wa kwanza wa nchi umelea kizazi ambacho kimeona mpira mkubwa kwenye kioo tu. Baadhi ya wanachama wanasema sehemu ya pesa za 2027 itumike kununua mipira na nyavu za watoto wanaocheza kwenye vumbi nyuma ya Flamingo, na sisi wakubwa twende Kasarani wachache kwa niaba ya wengine. Wengine wanasema wamengoja maisha yao yote kuingia uwanjani Stars wakicheza Kombe la Afrika nyumbani, na hawatauza nafasi hiyo kwa nyavu ambazo serikali ya kaunti ndiyo inayopaswa kununua.

Mimi niko upande wa nyavu, na nimelisema kikaoni. Vijana 11 wa Agosti walitoka kwenye viwanja vya vumbi vya namna hiyo, katika ligi ambayo wengi wetu hatukuwa tukiitazama. Hata hivyo siwezi kumlaumu mzee wa reli, ambaye amesema atapiga kura upande wa pili. Ana miaka 39 ya kudai tangu Misri watufunge. Mweka hazina amependekeza mzee huyo alipiwe safari na chama chote, na kilichobaki kiende kwa watoto. Kura itapigwa mwisho wa mwezi.