Mpini Ukipasuka, Kisu Bado Kizima



Katika vikundi vya miche ya parachichi tunavyoshirikiana navyo Nyanda za Juu Kusini, kifaa kinachopita katika mikono mingi kuliko vyote ni kisu kidogo cha kukunja. Ndicho kinachochonga kijiti cha Hass na kupasua mche wa kienyeji ili viwili hivyo viungwe viwe mti mmoja.

Katika robo mwaka iliyopita, kamati ya parokia moja ilituandikia kuomba visu vipya 12. Kabla ya kupeleka ombi hilo kwa wafadhili, tulikitembelea kikundi na kuomba tuoneshwe visu vya zamani. Vililetwa vyote ndani ya ndoo. Ubapa wa kila kisu ulikuwa mzima, na mingi bado ilikuwa mikali. Kilichopasuka ni mipini ya plastiki. Kijana mmoja alituonesha kovu kwenye kidole chake cha shahada: mpini ulilegea wakati akichonga, kisu kikajikunja na kumkata. Tangu siku hiyo kikundi kiliviweka kando visu vyote vyenye ufa.

Walifanya vyema kuviweka kando. Lakini si kila kisu chenye ufa kimekufa. Tukishirikiana na fundi seremala wa kijiji tulitengeneza visu 9, na 3 tukavikataa. Tunaeleza hapa jinsi tulivyofanya, ili kamati nyingine nazo ziweze.

Kwa nini mpini una uzito

Katika kubebesha, mche hushika pale ambapo utando mwembamba wa kijani ulio chini ya gome la kijiti unagusana na ule wa shina. Ili vigusane, mkato lazima uwe bapa na ulionyooka, uliopitishwa kwa mkono mmoja usiositasita. Mpini unaochezacheza hutoa mkato wenye mawimbi. Ndani ya mawimbi hayo hubaki nafasi ya hewa, kijiti hukauka, na mche uliotunzwa kwa miezi mingi hupotea. Kwa hiyo ufa wa mpini unagusa usalama wa vidole, na unagusa pia mavuno.

Je, plastiki ni nguo au ni mfupa?

Hili ndilo swali la kwanza. Fungua kisu na utazame mgongoni, mahali ubapa unapoingia. Visu vingi vizuri vina mabamba mawili membamba ya chuma ndani, na ubapa umefungwa kwenye mabamba hayo kwa ribiti. Plastiki imebandikwa nje tu. Hapo plastiki ni nguo: ikipasuka, mifupa bado ipo, na kisu kinatengenezeka.

Visu vingine vya bei nafuu havina mabamba. Ribiti ya ubapa imeshikwa na plastiki yenyewe. Hapo plastiki ni mfupa. Ufa ukipita kwenye ribiti hiyo, au mahali springi inapokaa, gundi haitaweza kubeba nguvu ya mkono. Visu 3 tulivyovikataa vilikuwa vya namna hiyo. Kataeni pia kisu ambacho springi yake imelegea au kufuli yake haishiki, hata kama mpini wake unang'aa.

Jaribio la maji

Si kila plastiki hukubali gundi. Kwangua kipande kidogo sana kutoka sehemu ya ndani ya mpini, ukitie katika glasi ya maji yenye tone la sabuni, kisha ukizamishe kwa kijiti. Kikielea, plastiki hiyo ni jamaa ya ile ya ndoo na madumu. Gundi za kawaida hubanduka juu yake, hivyo nenda moja kwa moja kwenye mpini wa mti. Kikizama, gundi ina nafasi nzuri ya kushika.

Kuziba ufa

Tumia gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Supagluu hukauka haraka, lakini huwa ngumu na kavu kama kioo. Mpini ukijipinda kidogo au kisu kikianguka, ufa hurudi. Iacheni kwa nyufa ndogo kama unywele.

1. Osha kisu kwa sabuni, ukikaushe kabisa, kisha ukunje ubapa. Paka nta ya mshumaa kwenye kiungo cha ubapa ili gundi isiingie humo. Angalia nta isiguse ufa.
2. Tafuta mwisho wa ufa na utoboe hapo tundu dogo la milimita 1 hadi 2. Tundu hili huuzuia ufa usiendelee kutembea. Wengi huruka hatua hii, na baada ya wiki chache ufa unatokea mbele ya gundi.
3. Kwa ncha ya tupa, panua kidogo mdomo wa ufa, kisha ukwaruze pande zake kwa msasa. Gundi hushika vibaya juu ya plastiki laini.
4. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, uache pakauke.
5. Changanya gundi kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti. Isukume ndani ya ufa na kwenye tundu kwa kijiti cha meno.
6. Zungushia ukanda wa nailoni ya kubebeshea ili gundi isinate nje, kisha ufunge kwa nguvu kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.
7. Acha saa 24 bila kukigusa. Katika baridi ya Juni na Julai acha siku mbili, mahali penye joto kiasi, kwa kuwa baridi huchelewesha gundi kukauka.
8. Ondoa gundi iliyozidi kwa msasa, safisha nta, na utie tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo.

Kabla ya kukirudisha kazini, fungua na kukunja kisu mara kadhaa, kisha uchonge kijiti kikavu. Mpini ukilia au kucheza, usikitoe.

Mpini wa mti

Plastiki ikiwa imevunjika vipande au ni ile inayoelea, iondoe yote. Seremala atakata vibao viwili kutoka mabaki ya mninga, avitoboe kwa kufuata matundu ya mabamba, na kuvibandika kwa epoksi. Vipande vya waya mnene wa shaba hupitishwa kwenye matundu na kugongwa taratibu pande zote mbili hadi vichwa vyake vitanuke. Ribiti ya ubapa haiguswi. Mwisho vibao hupigwa msasa na kupakwa mafuta. Wanakikundi walituambia kwamba mpini huu hauteleziki mkono ukiwa na utomvu.

Kuzuia ufa mpya

Tuliuliza nyufa zilitoka wapi. Visu viliachwa juani kitaluni, vilitumika kufungulia makopo, na vilisafishwa kwa kuvipitisha kwenye moto, ambao hulainisha plastiki na kuharibu makali. Kusafisha kisu kati ya mche na mche ni lazima ili magonjwa yasisambae, lakini kitambaa chenye spiriti kwenye ubapa peke yake kinatosha.

Neno kwa kamati na wafadhili

Tunaomba kila kikundi kiwe na mirija miwili ya gundi, karatasi ya msasa, na daftari la vifaa linaloonesha kisu kipi kilitengenezwa na lini. Maombi ya visu vipya yaambatane na maelezo ya vile vya zamani. Lengo letu si kuwabana wakulima: kisu kisichofaa kitabadilishwa, kwa maana hakuna akiba inayolingana na kidole cha mtu. Kikundi tulichokitembelea kimepewa visu vipya 3 badala ya 12, na fedha iliyobaki imenunua mifuko ya miche.

Bwana wetu alipowalisha watu elfu tano, aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe. Aliyetoka kutenda muujiza alijali masalio. Nasi tuliokabidhiwa sadaka za wengine tuanze na ufa mdogo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.