Sura ya Sita: Alama Zisizo na Namba

Kabla kompyuta hazijaenea katika ofisi za Eldoret, mkubwa aliitamka barua kwa sauti, mhazili akainasa kwa hati mkato, kisha akaipiga taipu. Vyuo vya uhazili nchini Kenya vilifundisha hasa hati ya Pitman, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1837. Nchini Tanzania, matangazo ya kazi serikalini yamewataka makatibu mahsusi wafaulu hati mkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 au 100 kwa dakika.

Ndani ya kompyuta, kila herufi huhifadhiwa kama namba. Herufi a ni 97, iwe Eldoret au Muscat, kwa kuwa mashine zinafuata jedwali moja, Unicode. Alama isiyo na namba humo hubaki picha: huwezi kuitafuta wala kuihariri kama maandishi.

Pitman haimo. Mstari mwembamba uliosimama ni t. Ukinenepeshwa ni d. Ukikatwa nusu, umeongezewa t au d. Neno likielea juu ya mstari wa daftari, likiukalia au likiukata, msomaji hutambua irabu iliyoachwa ni ya kundi gani. Ukiipa kila alama namba tu, unene, urefu na mahali bado vinadai njia yao ya kuandikwa.

Hati ya Émile Duployé, iliyotoka Ufaransa mwaka 1860, haitegemei unene. Mstari mfupi uliolala ni t, mrefu ni d. Padre Jean-Marie-Raphaël Le Jeune aliitumia kuchapisha gazeti la Kamloops Wawa nchini Kanada kuanzia 1891, kwa Chinook, lugha ya biashara ya eneo hilo. Mwaka 2014, Unicode toleo la 7.0 liliipokea hati hiyo. D yake ni U+1BC08. Herufi hupangwa kwa mfuatano wa sauti, fonti ikaziunganisha. Alama nne zisizoonekana huielekeza fonti pale herufi zinapopishana, au mwandiko unapopanda na kushuka.

Hati huingia Unicode kwa ushahidi wa matumizi, na ushahidi wa Pitman wa kwetu umo katika madaftari ya wahazili wastaafu. Kila mwandishi ana vifupisho vyake, hivyo msomaji bora ni yeye mwenyewe. Tupige picha kurasa hizo sasa, na mwenyewe aandike maneno yake kando ya kila mstari. Kazi hiyo haihitaji namba yoyote. Inamhitaji yeye angali hai.